Nyumbani, Ofisi ya Kukodi au Nyumba ya Wanachama: Mtaalamu wa Data Tanga Achague Ipi?

Mkoa wa Tanga unazalisha data nyingi kuliko wataalamu wanaobaki Tanga kuzichakata. Bandari hurekodi kila meli inayotia nanga na kila shehena inayoshushwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, kinatunza kumbukumbu za udongo na za zao la katani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina vituo vyake Tanga na Amani, na Korogwe ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotumika kuijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Huko Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Hata hivyo, kijana wa Ngamiani au Makorora aliyesomea takwimu au sayansi ya kompyuta mara nyingi hufunga virago kwenda Dar es Salaam, si kwa sababu Tanga hakuna kazi, bali kwa sababu Tanga hakuna mahali pa kuifanyia pamoja na wenzake.

Anayeamua kubaki ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kufanya kazi nyumbani kwa kompyuta yake na kukodi nguvu ya ziada mtandaoni. Ya pili ni kupanga ofisi, peke yake au pamoja na wenzake, au kulipia meza katika ofisi ya pamoja inayoendeshwa kibiashara. Ya tatu ni kujiunga na wenzake kuanzisha eneo la kazi la jumuiya, yaani nyumba inayoendeshwa na wanachama chini ya taasisi isiyogawana faida, yenye mtandao, umeme wa akiba, seva (kompyuta kubwa inayotumiwa na wengi kwa pamoja) na kanuni za matumizi walizozipitisha wenyewe. Ulinganisho huu unahusu njia hizo tatu. Naeleza mapema kwamba moyo wangu uko kwenye njia ya tatu, ingawa ina udhaifu mmoja mkubwa ambao wanaoipenda huukwepa, na wapo watu ambao nisingewashauri waifuate kabisa.

Kwanza, je, data yako ni kubwa kweli?

Mwaka 2001 mchambuzi Doug Laney alizipima data kwa mambo matatu: wingi wake, kasi ya kuingia kwake na utofauti wa maumbo yake. Kipimo hicho bado kinafaa, kwa sababu watu wengi husema wana data kubwa ilhali wana faili za gigabaiti ishirini. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na programu huria kama DuckDB inaweza kuchambua faili za ukubwa huo bila seva yoyote. Mtu wa namna hiyo hahitaji nyumba ya wanachama kwa ajili ya mashine. Huenda akaihitaji kwa ajili ya watu, na hilo nitalirudia.

Mambo hubadilika mtu anapoanza kushughulikia picha za setilaiti, rekodi za vipimo vya maji vinavyosomwa kila saa, au miamala ya miaka mingi. Tuchukue picha za Sentinel-2, ambazo Umoja wa Ulaya huzitoa bure na ambazo zinafaa sana kufuatilia mikoko ya pwani na mashamba ya katani. Setilaiti zake mbili hulirudia eneo lilelile kila baada ya siku 5, na picha moja ya kipande cha takriban kilomita 110 kwa 110 huwa na ukubwa wa kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti moja. Kipande kimoja kwa mwaka ni picha 73, yaani karibu gigabaiti 50. Mkoa wa Tanga unahitaji vipande kadhaa. Anayetaka kuona miaka mitatu ya mkoa mzima anakaribia terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja, na hapo ndipo tofauti kati ya njia tatu inapoanza kuonekana.

Mtandao na umeme

Terabaiti moja ikipakuliwa kwa mtandao wenye kasi halisi ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu usiku na mchana bila kukatika. Kwa faiba ya megabiti 100 huchukua saa 22. Anayefanya kazi nyumbani kwa bando la simu hawezi kabisa kuifanya kazi hii. Mwenye faiba nyumbani anaweza, lakini wataalamu wanane wenye faiba nane watazipakua picha zilezile mara nane na kuzihifadhi kwenye diski nane. Katika nyumba ya wanachama picha hupakuliwa mara moja, zikakaa kwenye hifadhi ya pamoja, na kila mmoja akazisoma kwa mtandao wa ndani ambao haumtozi hata shilingi. Ofisi ya kukodi ya kibiashara haisaidii hapa kwa kiasi kikubwa: mwenye ofisi huuza meza na mtandao, na kwa kawaida hukasirika anapoona mteja mmoja anaumeza mtandao wote kwa siku nne.

Umeme una hesabu yake, nayo ni hesabu ambayo watu wa data husahau kuifanya. Seva moja inayotumia wati 400 mfululizo hula uniti 9.6 kwa siku, au uniti 288 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ambaye hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi 102,000 kwa mwezi kabla feni haijawashwa. Nyumbani athari ni kubwa zaidi. Mteja wa D1 hupata bei nafuu kwa sababu matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Akiiacha seva ikiwaka nyumbani atautumia mgawo huo ndani ya siku nane na kuupoteza unafuu kwa familia nzima. Mama anayenunua Luku atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kuna pia joto na chumvi. Mashine za kuchakata data zinashauriwa kufanya kazi katika hewa yenye nyuzijoto kati ya 18 na 27, ilhali Tanga kati ya Desemba na Machi mchana hupita nyuzijoto 30 bila shida, tena kwa unyevu mwingi. Karibu na bahari, hewa yenye chumvi hula viunganishi vya chuma na bodi za kompyuta. Kwa sababu hiyo, Raskazone penye upepo mzuri na mandhari ya bahari ni mahali pabaya pa kuweka seva, japo pa kupendeza kwa kunywa kahawa. Chumbageni ni afadhali, kwa kuwa pako karibu na ofisi nyingi zinazohitaji kazi hizi. Kange pana faida kwa wanachama wanaotoka Muheza na Korogwe kwa basi. Chumba kimoja kidogo chenye kuta nene, kiyoyozi, betri na inveta kinatosha kwa seva mbili au tatu, na gharama yake haibebeki kwa mtu mmoja lakini inabebeka kwa kumi na wawili.

Wenye kukodi kompyuta za mtandaoni watajibu kwamba matatizo yote haya huondoka ukimwachia mtu mwingine mashine. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Huko unaweza kukodi kompyuta hamsini kwa saa moja, ukamaliza kazi, ukazizima na kulipia saa hiyo tu. Hakuna nyumba ya wanachama Tanga itakayoweza kufanya hivyo, na kazi ya namna hiyo ikitokea mara mbili kwa mwaka, kununua seva kwa ajili yake ni kupoteza fedha. Lakini kukodi mtandaoni kuna mitego miwili. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa hutozwa kwa kila gigabaiti, kwa dola. Na kila kitu hutegemea waya zilizo chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokaa na mtandao wa kusuasua. Aliyekuwa na data zake kwenye seva ya chumba cha pili aliendelea na kazi.

Kwa upande wa mashine, basi, hukumu yangu ni hii: kazi ya kila siku ikae kwenye seva ya wanachama, na kazi kubwa ya mara chache ikodiwe nje. Mtu wa nyumbani analazimika kukodi yote. Mtu wa ofisi ya kibiashara yuko karibu na hali hiyohiyo, isipokuwa ana kiti kizuri zaidi.

Siri za watu

Hapa ndipo udhaifu wa nyumba ya wanachama ulipo, na ningependa kukaa hapa kwa muda.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya, za vinasaba na za watoto zimewekewa ulinzi mkali zaidi, na kuzihamishia taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Mtaalamu anayepewa rekodi za wagonjwa wa zahanati za Pangani ili atafute mwenendo wa malaria hachukui faili tu. Anachukua wajibu wa kisheria na, zaidi ya hapo, amana ya watu ambao pengine hawajui kwamba rekodi zao zimetoka kwenye kabati.

Nyumbani, siri hulindwa kwa sababu aliyepo ni mmoja. Ulinzi huo ni mwepesi kuliko unavyoonekana: kompyuta ya nyumbani hutumiwa na wadogo, huibwa, hupelekwa kwa fundi ikiwa na diski yake ndani. Tena anayetumia seva za Cape Town amezivusha taarifa mpaka, na anapaswa kujua amezivusha kwa masharti gani. Njia ya kati ipo, nayo ni kuhifadhi katika vituo vya ndani ya nchi kama Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Ofisi binafsi ndiyo yenye nguvu zaidi katika jambo hili. Mlango mmoja, ufunguo mmoja, mkataba mmoja wa kazi, na mtu mmoja wa kuulizwa. Mwenye mkataba na benki, kampuni ya simu au hospitali, akikaguliwa, anaweza kumwonyesha mkaguzi chumba na kusema, hapa ndipo. Katika ofisi ya pamoja ya kibiashara hali huharibika, kwa kuwa jirani wa meza hujui ni nani na kesho ataketi mwingine.

Nyumba ya wanachama iko kati ya hizo mbili. Wanachama wanajuana, lakini kujuana si ulinzi. Kwa kweli katika mji kama Tanga, ambako kila mtu ni binamu wa mtu fulani, kujuana kunaweza kuwa hatari yenyewe: anayechambua rekodi za kliniki anaweza kumkuta jirani yake humo. Nyumba inayotaka kushughulikia data za watu lazima iwe na kanuni zilizoandikwa, si za mdomo. Majina na namba za simu ziondolewe kabla data haijaingia kwenye seva ya pamoja. Kila mradi uwe na eneo lake lililofungwa. Iwepo kumbukumbu ya nani alifungua nini na lini. Na awepo mtu mmoja, aliyetajwa katika katiba, mwenye mamlaka ya kukataa data isiingie hata kama aliyeileta ni mwenyekiti. Kikundi kisichoweza kupata mtu wa namna hiyo kisipokee data za afya. Kifanye kazi na picha za setilaiti, ramani huria, bei za mazao na takwimu za sensa zilizokwisha kuchapishwa. Kazi hizo zinatosha kuwalisha wengi.

Jicho la pili

Sababu iliyonifanya niegemee nyumba ya wanachama si seva. Ni makosa yanayofanywa na mtu aliye peke yake na ambayo hakuna mashine inayoyaona.

Mkoa wa Tanga una mitego yake katika data, na mitego hiyo haifundishwi chuoni. Wilaya ya Mkinga ilimegwa kutoka Muheza, na Kilindi ikamegwa kutoka Handeni. Mtu anayelinganisha idadi ya wagonjwa wa Muheza ya zamani na ya sasa bila kulijua hilo ataona wagonjwa wamepungua ghafla na ataandika ripoti ya kusifia mradi fulani, kumbe waliopungua ni wakazi waliohamia upande wa pili wa mpaka mpya bila kuondoka majumbani mwao. Kosa kama hilo likiingia kwenye bajeti ya dawa, kuna zahanati itakayokosa dawa.

Majina ya vijiji nayo yana taabu yake. Vijiji vingi vya Handeni na Korogwe huanza na Kwa: Kwamsisi, Kwamkono, Kwamndolwa. Karani mmoja ameandika neno moja, mwingine ameandika mawili, wa tatu ameweka kistari. Kompyuta huviona vijiji vitatu. Mtaalamu aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi ataviacha vitatu na kuendelea. Aliyeketi karibu na mwenzake wa Handeni ataulizwa mbona kijiji chao kimegawanyika. Swali hilo haliulizwi nyumbani, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuliuliza, na katika ofisi ya kibiashara jirani wa meza anauza bima na hana sababu ya kutazama skrini yako.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kila anayekokotoa viwango vya ugonjwa, mavuno au matumizi ya maji anahitaji idadi ya watu kama kigawanyo. Ipo miradi ambayo bado hutumia makadirio yaliyotokana na sensa ya 2012. Katika nyumba ya wanachama, jedwali moja la idadi ya watu kwa kila kata, lililohakikiwa na watu watatu na kuwekewa tarehe, linaweza kutumiwa na kila mradi. Kazi hii ya kusafisha na kuhakiki ni ya kuchosha, haina sifa, na hakuna mteja anayeilipia kwa jina lake. Taasisi ya kibiashara haitaifanya kwa ajili ya wengine. Taasisi isiyogawana faida inaweza, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuwepo kwake.

Vijana wanaoanza ndio wanaofaidika zaidi. Mwanafunzi aliyemaliza chuo na anayejifunza peke yake kwa video hujifunza kuandika programu, lakini hajifunzi jinsi ya kumweleza mganga mkuu kwamba takwimu zake hazitoshi kutoa jibu analolitaka. Hilo hujifunzwa kwa kumsikia mkubwa akilisema. Tanga imeshaanza kuwajengea vijana mazingira: ipo STEM Park kwa watoto wa shule, na na imekuwepo programu ya Tanga Yetu iliyofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi. Kinachokosekana ni mahali pa yule aliyekwisha kuvuka umri wa maonyesho ya sayansi na anahitaji data halisi na mtu wa kumsahihisha.

Fedha, na muda ambao nyumba itadumu

Anayefanya kazi nyumbani hana kodi ya pango na anaweza kuacha wakati wowote. Hakuna haja ya kusema mengi juu yake. Mwenye ofisi binafsi hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, pamoja na cha dalali, na mzigo huo unambana mwanzoni kabisa wakati hajapata mteja. Ofisi ya pamoja ya kibiashara humpunguzia mzigo huo, kwa kuwa hulipa kwa mwezi au kwa siku. Lakini mwenye ofisi akipata mpangaji bora, meza zinaondoka.

Nyumba ya wanachama inategemea nani anailipia, na historia ya nyumba za namna hii inafundisha. Noisebridge ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2007, na Hacker Dojo ya Mountain View, California, iliyoanzishwa mwaka 2009, zimeishi kwa ada na michango ya wanachama. Hacker Dojo imehama jengo zaidi ya mara moja na bado ipo. iHub ya Nairobi ilianza mwaka 2010 ikiwa mahali pa kukutania jamii ya wanateknolojia, ikategemea wafadhili na biashara kwa pamoja, na mwaka 2019 ikachukuliwa na CcHUB, kituo cha ubunifu cha Lagos. Hapa kwetu, Buni Hub ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2011 chini ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa msaada wa Finland, na dLab, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mada yetu kwa kuwa ilijikita kwenye data, ilianza kwa fedha za Serikali ya Marekani. Fedha za wafadhili zilijenga ujuzi mwingi na si haki kuzibeza. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa wakishughulikia data za afya nchini walijikuta bila kazi ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo kipimo ninachokiona cha maana ni kimoja: ada za wanachama zilipe pango, umeme na mtandao, hata kama nyumba itakuwa ndogo. Ruzuku ikija, inunue vitu visivyohitaji kulipiwa kila mwezi, kama seva, betri na viti. Nyumba inayolipa pango kwa ruzuku hufungwa siku ruzuku inapokwisha. Wanachama kumi na wawili wanaolipa wanaweza kubeba vyumba viwili Chumbageni. Wakiwa watano, wasijidanganye. Wakodi chumba kimoja kama ofisi ya kawaida na wasubiri wakue.

Ada isiwe sawa kwa wote. Mwenye mkataba na kampuni alipe zaidi, mwanafunzi alipe kidogo au afanye zamu ya kulinda hifadhi ya data. Ratiba nayo ifuate maisha ya mji: kazi nzito za seva zipangwe usiku, mwezi wa Ramadhani nyumba ifunguliwe baada ya futari, na wanawake wanaobaki hadi usiku wawe na utaratibu wa usafiri uliokubaliwa, si wa kuombana. Nyumba isiyolifikiria jambo hili la mwisho itakuwa nyumba ya wanaume watupu ndani ya miezi michache.

Isajiliwe kama nini?

Kusajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kunafaa zaidi kikundi kinachotaka kufundisha vijana na kutoa data huria kwa umma, kwa sababu sheria hiyo inazuia kugawana faida na inataka taarifa za fedha kila mwaka. Masharti hayo ni mazito, lakini yanawalinda wanachama dhidi ya viongozi wao. Kampuni yenye ukomo kwa dhamana, inayosajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA, ilitumiwa sana zamani na taasisi za namna hii. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalizitaka zinazofanya shughuli za shirika lisilo la kiserikali zijisajili chini ya sheria hiyo ya mashirika, kwa hiyo si njia ya mkato tena. Chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kina demokrasia nzuri na kila mwanachama ana kura moja, ila ziada yake inaweza kugawanywa kwa wanachama, na hilo linaifanya nyumba iwe chombo cha kipato cha wanachama kwanza. Si jambo baya. Ni jambo lingine. Wataalamu wanaotaka kutafuta zabuni kwa pamoja wachague ushirika na waseme hivyo waziwazi.

Nani achague ipi

Mwenye mteja mmoja mkubwa mwenye data za siri, kama benki au hospitali, achukue ofisi binafsi na aitumie nyumba ya wanachama kwa mafunzo tu. Mwenye familia changa, anayefanya kazi za faili ndogo kwa wateja wa mbali, abaki nyumbani. Nyumba ya wanachama itamnufaisha mara moja kwa wiki, siku ya kuhakikiana kazi. Ofisi ya pamoja ya kibiashara naiona inamfaa mgeni aliyekuja Tanga kwa mradi wa miezi mitatu, na sidhani kama inamfaa mtaalamu wa data mwenyeji. Wanaoshughulikia picha za setilaiti, ramani, kilimo, uvuvi na hali ya hewa, pamoja na kila kijana anayeanza, wanahitaji nyumba ya wanachama kuliko wanavyojua.

Wakikubaliana, kifungu cha kwanza cha kuandikwa katika katiba, kabla ya jina na kabla ya nembo, ni kile kinachosema data na mashine zitaenda wapi siku nyumba itakapofungwa. Mashine zipewe taasisi nyingine isiyogawana faida iliyo ndani ya mkoa. Data huria ziachwe mahali ambapo umma unazipata. Na data za watu zirudishwe kwa waliozitoa au zifutwe mbele ya mashahidi wawili, kwa hati iliyosainiwa. Kikundi kikishindwa kukubaliana juu ya kifungu hicho, kisilipe kodi ya pango kwanza.